Vidole Vyake, Sauti ya Mwingine

Kwa miaka kumi na tisa alipiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya shemeji yake, na siku za kazi alishona mapazia. Watu wakamwita Mama Nyuzi, jina lililomfaa kwenye cherehani na jukwaani vilevile. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akiudhika, alilikunja pazia la mteja, akalikunjua, akalikunja tena, mpaka aliyemuudhi akaondoka mwenyewe.

Kilichomvuruga mwaka ule ni kisanduku.

Kilikuwa kifaa cha chuma cha kuwekwa sakafuni, chenye swichi sita za kukanyaga na kioo kidogo kama cha simu. Ndani yake, kwa maelezo ya shemeji, mlikuwa na sauti za kuigiza za amplifaya sabini, na mwangwi wa kila namna, kuanzia wa bafuni mpaka wa ukumbi mkubwa.

"Amplifaya yako nzito kama jokofu," shemeji alimwambia. "Na wenye kumbi wamechoka na kelele zetu. Hiki unakichomeka moja kwa moja kwenye mitambo ya sauti, basi."

"Na mimi nitajisikia wapi?"

"Kwenye spika ya mbele yako, shemeji. Kama wenzako."

Alikubali shingo upande. Wiki tatu nzima, kila alipopumzika mchana, alivaa hedifoni katikati ya vitambaa akaanza kubonyezabonyeza vitufe vya kisanduku. Mdogo wake, ambaye ndiye mke wa shemeji na mwimbaji wa bendi, alipita dukani siku moja akamkuta amepiga magoti, uso karibu ugusane na kile kioo.

"Dada, umepoteza sindano?"

"Nimepoteza sauti yangu. Imo humu, imejificha."

Hatimaye aliipata: kavu, yenye makali kidogo kwenye nyuzi nyembamba, na mwangwi mfupi unaotoweka kabla hujauzoea. Akaihifadhi kwenye namba nne, akacheka peke yake.

Jumamosi ya kwanza alipokipandisha kisanduku jukwaani, sauti ile iliyomjaa masikioni ikatoka nyembamba kama mbu ndani ya kopo. Akaongeza. Fundi mitambo, kule nyuma ya ukumbi, akapunguza. Akaongeza tena. Kwenye kiitikio mguu wake ukakanyaga swichi mbili kwa mpigo, mwangwi ukalipuka ukamfunika mwimbaji, na mdogo wake akageuka na macho yaliyosema yote. Wakati wa mapumziko Mama Nyuzi alimfuata fundi mitambo huku jasho likimtiririka.

"Unanizima kwa nini?"

"Sikuzimi, mama. Uliitengeneza kwa hedifoni, si ndiyo? Kwenye hedifoni hakuna ngoma wala besi wala mtu anayeimba. Punguza sauti nzito, punguza mwangwi, ongeza ya katikati. Nyumbani itakuchukiza, hapa itasimama."

"Wiki tatu zote hizo hukuweza kuniambia?"

"Hukuniuliza."

Alitamani kumvisha kile kisanduku kichwani. Lakini jamaa alisema kweli. Baada ya miezi miwili ya kurekebisha mazoezini, namba nne ilisimama, na ikawa akipiga, hata mpiga besi, ambaye hakuwahi kumsifu mtu, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Akakaribia kukisamehe kisanduku.

Ndipo wakaenda studio. Wimbo mpya ulifunguliwa na gitaa lake peke yake kabla ngoma hazijaingia. Prodyuza alichomeka nyaya mbili: mmoja ulibeba sauti ya kisanduku, mwingine ulibeba gitaa tupu, bila kitu.

"Huu wa pili wa nini?"

"Wa akiba tu, mama."

Alipiga mara moja, bila kukosea. Shemeji akapiga makofi.

Mwezi ulipopita, mteja alikuja kuchukua mapazia, na simu yake ikawa inaimba mkobani. Mama Nyuzi akasimamisha cherehani. Noti za gitaa zilikuwa zake. Hata ile namna yake ya kuuvuta uzi kidogo kwa kidole cha tatu ilikuwemo. Lakini sauti ilikuwa nene, inang'aa, imeloa mwangwi, kama gitaa linalopigwa kwenye tangazo la sabuni.

"Si bendi yenu hii?" mteja akauliza.

Alifunga duka mchana kweupe, akampitia shemeji, wakaenda studio.

"Nani yule kwenye wimbo?" alimuuliza prodyuza.

"Ni wewe, mama. Vidole vyako vyote nimeviacha."

"Umeacha vidole, ukanitoa koo."

Prodyuza akabonyeza kitufe. Likatoka gitaa tupu, tk-tk-tk, kama kucha juu ya mfuniko wa sufuria. "Nilichukua hili, nikalivika amplifaya ya kompyuta. Watu wamelipenda."

"Mimi nilikupa ile nyingine. Iko wapi?"

"Niliifuta. Ilikuwa inajaza nafasi."

Akamgeukia shemeji ili amtetee. Shemeji alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Ulijua?"

"Alinisikilizisha zote mbili, shemeji. Nikachagua. Nilidhani hutagundua."

"Miaka kumi na tisa nimesimama kushoto kwako, ukadhani sitaijua sauti yangu!"

Hakulia wala hakutukana. Alichukua mkoba wake akatoka, na kwa wiki mbili hakwenda mazoezini. Mdogo wake alikwenda nyumbani kwake mara tatu, akiwa amebanwa kati ya mume na dada, na mara ya tatu alimwambia, "Dada, kama hutaki kurudi kwa ajili yake, rudi kwa ajili yangu." Akarudi.

Wimbo ukabaki vilevile. Ulishasambaa, na tena ulipendwa, jambo lililomuuma zaidi. Kumbini watu walianza kulalamika kwamba gitaa halifanani na la kwenye simu zao, hivyo mwishowe, kwa hasira, aliitengeneza ile sauti ya sabuni akaiweka namba tano. Huikanyaga kwa ufunguzi ule tu, uso umekunjamana, na watu hushangilia.

Waliporekodi wimbo wa pili, alimwekea prodyuza waya mmoja tu, ule wa kisanduku. Prodyuza akanung'unika kwamba anamfunga mikono. "Ndiyo, ninakufunga," akamjibu. Wimbo ulitoka na sauti yake mwenyewe. Hakuna mteja aliyewahi kuingia dukani nao kwenye simu. Yeye na shemeji siku hizi huongea kuhusu saa za mazoezi na mpangilio wa nyimbo, na wakimaliza hayo kila mmoja hushika njia yake.