Ndoo ya Maji ya Jaruba

Mama yangu alikuwa mchoyo wa kitu kimoja tu: maji. Angekuvulia kanga yake akupe, lakini ukimwaga maji ya kuoshea vyombo badala ya kuyapeleka kwenye mpapai, utasemwa mpaka jioni. Simlaumu. Kwetu, upande wa Kharumwa, mvua ilikuwa ya kubembelezwa, na mpunga wetu uliishi kwa maji tuliyoweza kuyafungia ndani ya jaruba, kile kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta. Kila nikitoka shule mimi na mama tulilizunguka tuta hilo, tukiziba kwa udongo matundu ya panya. Kuacha maji yapite lilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja chungu.

Kisha zikaja mvua za Elinino. Baba alikuwa machimboni Geita, tukawa wawili tu nyumbani. Siku hizi mvua ya kumwagika yote kwa mkupuo tumeizoea. Wakati ule hakuna aliyekuwa ametufundisha kuiogopa. Maji yalipanda mpaka miche tuliyoipandikiza ikabaki ncha, na jirani yetu akasimama njiani akasema, "Dada, toboa tuta. Mpunga utaozea humo."

"Maji haya nitayatafuta mwezi wa tatu," mama akamjibu kwa upole, akaongeza udongo juu ya tuta.

Asubuhi ya tatu hata ncha hazikuonekana. Mama alikuwa jikoni akihangaika na kuni mbichi. Nikachukua jembe, nikaenda, nikatoboa. Fimbo nilikuwa nimeizoea; nilichoogopa ni kumwona akilia.

Nilipogeuka, mama alikuwa nyuma yangu, ameloa chapachapa, ndoo mkononi.

"Nisamehe, mayu, mama yangu," nikasema.

Alininyang'anya jembe, nami nikafumba macho. Nikasikia udongo ukikatwa: alikuwa analipanua lile tundu.

Tulisimama tukiyatazama maji yakienda zake, muda mrefu, mpaka ncha za mpunga zikaanza kuchungulia. Zilikuwa zimelala upande, lakini bado za kijani. Mama akashusha pumzi. Nampenda kwa mengi, ila siku ile nilimpenda kwa alichofanya baada ya hapo. Aliinama, akakinga ndoo kwenye tundu mpaka ikajaa, akajitwika, akayapeleka maji yake nyumbani huku mvua ikizidi kuijaza ndoo kichwani mwake.