Plasta ya Sista

Wiki iliyopita mafundi walikuja kuweka dari ya jipsamu kwenye nyumba ya jirani yetu hapa Kasense. Walipokoroga ule unga mweupe ndani ya ndoo, harufu yake ikavuka ua hadi kwangu, harufu ya ukuta mpya uliolowa mvua. Niliacha kufua, nikasimama na povu mikononi, nikamkumbuka Sista.

Sista alikuwa punda wetu. Baba alimpa jina hilo kwa sababu ya rangi yake ya kijivu na mwendo wake wa taratibu kama wa mtawa. Bibi alilikataa. "Padri akisikia mtamwambia nini?" alikuwa akiuliza. Lakini akiwa peke yake zizini naye alimwita Sista, nilimsikia kwa masikio yangu.

Nilikuwa darasa la tatu. Mvua zilikuwa zimekolea na nyasi zimefunika kila kitu. Siku moja nilichimba shimo kando ya njia ya shambani, nikimtafuta fuko, maana bibi alipenda fuko wa kuchoma kuliko nyama yoyote. Fuko akanishinda. Nikaondoka bila kufukia, ingawa kwetu kila mtoto anajua kwamba shimo la fuko hufukiwa. Kesho yake nilimpitisha Sista palepale akiwa na mifuko miwili ya mbolea mgongoni. Mguu wake wa mbele ukazama kwenye nyasi, na nikasikia mlio kama wa ukuni mkavu unaovunjwa.

Nilikuwa peke yangu naye. Nyumbani nilisema tu kwamba ameanguka.

Watu walikuja, wakamsaidia kuchechemea hadi uani kwetu, wakautazama ule mguu unaoning'inia chini ya goti, wakatikisa vichwa. Baba Deo, jirani yetu, alisema, "Mmalize tu, asiteseke. Punda bila mguu ni wa nini?" Baba akamtuma kaka yangu mjini na pikipiki akamwite daktari wa mifugo.

Daktari mwenyewe alikuwa mama mnene, mcheshi. Lakini kijijini kwetu kila anayetibu ng'ombe huitwa Bwana Mifugo, kwa hiyo hata wanawake walimpokea hivyo: "Karibu, Bwana Mifugo!" Naye aliitika bila kusita.

Aliupapasa mguu kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Nani alimwona akivunjika?"

Baba akasema aliambiwa tu kwamba ameanguka.

"Nahitaji kujua. Kama amekanyagwa na mkokoteni, mfupa umesagika na sina la kufanya. Kama umekatika tu, naweza kujaribu."

Sasa ninyi mnaosoma hamnijui. Mimi nilikuwa mtoto ambaye mwalimu akiita majina nilinyoosha mkono badala ya kuitika. Nilimtazama Sista, naye alikuwa akitetemeka midomo. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Alizama kwenye shimo. Nililichimba mimi."

Baba aligeuka. Kabla hajafungua mdomo, Bwana Mifugo akasema, "Shimo! Safi kabisa," kama vile nimemletea zawadi. "Njoo umshike kichwa."

Sista alichomwa sindano, akalegea, akalazwa juu ya turubai katikati ya ua. Keke ya kutobolea na vyuma vilichemshwa katika sufuria ya ugali, na bibi akaiaga sufuria yake palepale. Bwana Mifugo aliunyoa mguu, akauosha, akatoboa mfupa juu ya pale ulipovunjika, akapitisha vyuma viwili vyembamba toka upande huu hadi wa pili. Mimi nilifumba macho, nikawa nahesabu pumzi za Sista kwenye kiganja changu. Nilipofumbua, bandeji za plasta zilikuwa zinalowekwa kwenye beseni, na harufu ile imejaa ua mzima. Alizungushia kuanzia kwato hadi kuvifunika vile vyuma.

"Uzito utashukia kwenye vyuma, uingie kwenye plasta, ufike chini," alimweleza baba. "Mfupa wenyewe utakaa kama mgeni. Hauna kazi."

"Na goti langu hili linaloniuma je, Bwana Mifugo?" akauliza Baba Deo.

"Lala hapo kwenye turubai, mzee wangu. Plasta imebaki."

Watu walicheka mpaka mbwa wakabweka.

Tulimjengea Sista kizizi chembamba, asiweze kugeuka wala kulala, na juu tukaweka turubai ili plasta isilowe. Wiki zikapita. Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, kwa hiyo watu walikuja na chochote walichonacho, wakachuchumaa mbele ya kizizi, wakapiga makofi polepole kama wanavyomsalimu mtu mzima, wakamuuliza ameamkaje. Mwanzoni ulikuwa utani. Baadaye hawakucheka tena. Mama Deo alileta unga wa ulezi, lakini Sista alikuwa ameruhusiwa majani tu, basi unga tuliula sisi, na mimi nilitumwa kumpelekea mgonjwa shukrani.

Siku ya kutoa plasta na vyuma hakuna aliyeenda shambani. Mguu ulitoka mwembamba, kama umeazimwa kwa mnyama mwingine. Sista aliugusisha chini, akauinua. Akaugusisha tena. Kisha akapiga hatua, akichechemea, akapiga nyingine, akatupita wote na kwenda moja kwa moja kwenye mahindi ya baba, akaanza kula.

Baba yangu hakuwahi kuvumilia hata kuku kwenye mahindi yale. Siku hiyo alisimama na kamba mkononi, ametupa mgongo, akamwacha amalize mstari mzima. Mimi nilidhani hakuwa amemwona, nikamvuta shati kumwonyesha. Hakugeuka. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa anaona vizuri sana, na kwamba hakutaka mimi nimwone uso.