Fanki Ghalani Kamachumu

Albamu yetu ya fanki tuliirekodi Kamachumu, ndani ya ghala la kahawa, kwa sababu ndilo lilikuwa jengo pekee lenye magunia ya kutosha kuzuia mwangwi. Vita vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa, na mazishi ya ule ugonjwa mpya tulikuwa tumeanza kuyazoea, lakini sisi tulijiona watu wa kisasa sana: suruali pana, viatu vya soli nene, na besi yangu niliyoipiga kwa kidole gumba hadi kikavimba.

Fundi wa kurekodi alikuja kwa meli kutoka Mwanza na mashine yake na tepu chache. Ilitubidi tupige wote pamoja, bila kukosea. Mpiga tarumbeta wetu alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Alituambia wazi: "Nataka kipande changu kimoja tu kiingie. Pumzi ninayo ya siku mbili tatu. Baada ya hapo sijui." Mimi nilijifanya nakaza nyuzi.

Muziki haukutushinda. Kilichotushinda ni malezi. Nyuma ya ghala ilipita njia ya kwenda kisimani, na Mhaya hapiti penye watu bila kusalimia. Wimbo umekolea, bibi mmoja anachungulia dirishani kuuliza tumeshindaje: "Waitu, osibile ota?" Mpiga ngoma wetu, mwalimu wa shule ya msingi, anaweka vijiti chini, anainama, anaeleza alivyoshinda yeye, mkewe na mbuzi wake. Tepu inazunguka.

"Mwalimu, si ungenyamaza tu?" fundi akalalamika.

"Ninyamaze? Yule ni shangazi wa mke wangu!"

Aliyefuata hakuwa shangazi wa mtu yeyote, naye akaitikiwa vilevile. Nikafoka kwamba atakayeitikia tena nitampiga na besi. Dakika kumi baadaye akapita padri, nami nikawa wa kwanza kuvua kofia.

Tukaamua kuanza na vipande visivyoimbwa, tukamtoa mwimbaji wetu akasimame njiani, awasalimie wapita njia wote kwa niaba ya bendi. Tulijiona werevu. Mchana alirudi ananukia rubisi, pombe yetu ya ndizi, nyuma yake wazee saba waliotaka kuhakikisha wenyewe kama kweli hatujambo. Waliketi juu ya magunia, wakampa fundi kahawa ya kutafuna, wakatuuliza kwa nini hatupigi. Siku nzima ikaenda hivyo.

Siku ya tatu ilibaki tepu moja. Tarumbeta ikaanza, na nakiri nilisahau hasira zangu zote. Alipuliza kama mtu mwenye mapafu manne. Katikati ya kipande chake, sauti ikaita kutoka nje. Mama yake, amemletea chakula.

"Mwana wange, osibile ota?"

Akaishusha tarumbeta. "Nsibile kurungi, mae." Nimeshinda vizuri, mama. Kisha akaipandisha na kuendelea palepale, wala hakupoteza pigo hata moja.

Fundi alishika kichwa. Tepu ilikwisha, na pumzi ya mpiga tarumbeta pia. Tulimkalisha kwenye gunia. Nilitaka kulia kwa uchungu, nikamwambia kipande chake kimeharibika.

"Kimeingia," akasema, akacheka hadi akakohoa.

Tulimzika kabla kahawa ya msimu uliofuata haijaiva. Baada ya matanga mama yake alipanda basi hadi kwangu Muleba, akaketi mkekani mbele ya redio kaseti yangu. Fanki hakuipenda hata kidogo.

"Pitisha hayo makelele," akaniamuru.

Nikapitisha hadi kwenye tarumbeta. Mashine haikuwa imeinasa sauti yake ya nje, ilinasa jibu tu. Alisikiliza mara mbili, akajua linapoanzia. Mara ya tatu aliuliza mwenyewe, kwa sauti, kabla tu ya jibu. Mwanawe akamwambia ameshinda vizuri.

"Rudisha," akasema mama. Nikarudisha.