Mwinyimvua na Dawa ya Viwavi

Mume wangu Mwinyimvua anauza dawa za wadudu Kariakoo, kwenye kibanda alichofungua baada ya mimi kuuza cherehani yangu. Hilo hulisahau. Ana miaka hamsini na sita, na mwaka jana aliamua kumwoa Ummy, muuza vitenge wa miaka ishirini na saba. Kikwazo kimoja tu: kila akipita, Ummy humwamkia shikamoo.

Ndipo akaenda semina ya wauza dawa. Mtaalamu akawaeleza habari za viwavi wa nondo wanaokula mchele ghalani. Mimi shule sikwenda, lakini nilisimuliwa mara tisa, nimeelewa. Mwilini mwa kiwavi mna vimeng'enya, kama wapishi wadogo, kazi yao kupika homoni ya utoto. Wakiendelea kupika, kiwavi hubaki mtoto. Wakizima jiko, kiwavi huota mabawa, akawa nondo mzima. Kuna dawa inayoiga homoni hiyo: ukiipulizia, kiwavi hapati mabawa wala hazai.

Wenzake walisikia "hazai". Mwinyimvua alisikia "hubaki mtoto".

"Mama Nasma," akaniambia, "wapishi wangu mimi wamelala."

"Kwani wewe kiwavi?"

"Wivu huo."

Siku ya posa alijipaka chupa nzima, kuanzia shingoni hadi kwenye upara. Mimi nisiyejua kusoma nililiona fuvu la mtu pale chupani. Yeye msomi akasema hilo la kuwatisha wakulima.

Kwa desturi mwoaji hubaki nyumbani, barua hupelekwa na mshenga. Yeye akafuatana na mshenga wake Abdulatif mpaka kwa kina Ummy, Msimbazi, ili aonekane. Abdulatif ndiye aliyenisimulia. Njiani uso ulivimba kama andazi. Mikunjo yote ilikwisha, nisimnyime haki yake. Macho nayo yakapotea.

Ummy akafungua mlango.

"Mambo, kaka? Pole na uso. Mzee Mwinyimvua mmemwacha wapi?"

"Ndiye huyu," akasema Abdulatif.

Ummy alicheka mpaka akakaa kizingitini. Mama yake akairudisha barua bila kuifungua. "Mpelekeni hospitali. Huku hatutibu."

Hospitali wakamuuliza kama ana mke.

"Ninaye. Mmoja. Ananitosha."

Nikaitwa, nikaenda na uji. Kabla sijamnywesha, nilimwomba daktari amuulize tena, kwa sauti, wodi nzima isikie, alikuwa anajitibu nini.