Dirisha la Bata Watatu

Mavis Grice alikula kiapo kwa ajili ya tumbo la ng'ombe, na kiapo hicho kikamkaa shingoni miaka kumi na tisa.

Ilikuwa Alhamisi ya chemsha bongo katika Bata Watatu, baa pekee iliyobaki kijijini Cold Hatherby. Clive, mwenye kaunta, akasoma swali: ng'ombe ana matumbo mangapi? Mavis, aliyekamua ng'ombe tangu yu mtoto wa kukalia ndoo, akajibu: tumbo moja, lenye vyumba vinne.

"Karatasi inasema manne, Mavis."

"Hiyo karatasi imewahi kuchinja?"

"Manne, basi!"

Mavis akavaa koti. Mbele ya watu wote akatangaza kwamba mguu wake hautakanyaga humo mpaka Clive akiri kosa. Alitegemea kuitwa kabla hajafika getini. Hakuitwa. Akainama pale akijifanya anafunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Kesho yake kiu ikamshika. Alipokipima upya kile kiapo, akaona kwamba kilitaja mguu, mkono haukutajwa. Akazunguka hadi uani, akagonga dirisha. Clive akampitishia glasi ya bia nyeusi, kimya kama anayelisha bata. Tangu siku hiyo, kila adhuhuri Mavis aliketi kwenye benchi la uani, mvua ikimwongezea kinywaji, akijiona malkia. Waliompita walimwona kama mwavuli uliosahauliwa na mgeni.

Mambo yangeendelea hivyo, lakini kampuni yenye jengo ikataka kuigeuza baa kuwa nyumba ya kuishi. Tangazo la njano la halmashauri likafungwa kwenye nguzo. Mavis akalisoma kwa kidole, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Shule aliiacha mapema, na shule haikumlilia. Alipolimaliza, akarudi mwanzo akalisoma tena. Alikuwa hana mume, hana mtoto, na ng'ombe wa mwisho walikwisha uzwa. Alichobakiwa nacho ni lile benchi.

Akaandika barua ya kupinga, mistari minne, iliyomchukua siku mbili. Binti wa ofisi ya mipango akampigia simu.

"Bi Grice, umeandika kwamba mwenye kampuni ni mpumbavu na baba yake pia alikuwa mpumbavu."

"Ndiyo, mwanangu. Nilimfahamu baba yake."

"Hiyo si hoja ya mipango, bibi."

Akamweleza taratibu: mpango wa halmashauri unailinda baa ya mwisho ya kijiji. Haigeuzwi nyumba mpaka mwenye nayo athibitishe kwamba watu hawaihitaji tena. Kwa hiyo hoja ni wateja, si akili za mtu.

Siku ya kikao cha halmashauri cha kuamua ombi la kampuni, Mavis alikuwa amekariri maneno yake yote, maana kusoma mbele za watu kungemwaibisha. Kwanza akasimama Bwana Lyle, wakala wa kampuni, kijana aliyepigwa pasi kuanzia kola hadi sauti. Akasema waliweka mtu mlangoni majuma mawili ahesabu wateja. Kwa siku waliingia tisa.

"Waheshimiwa, kijiji chenyewe kimeshaihama baa hii."

Ikaja zamu ya Mavis. Akafungua kinywa, na yote aliyokariri yakatoka kwa mlango wa nyuma. Mwenyekiti wa kikao, mama mwenye miwani, akamwonea huruma akamtupia swali jepesi.

"Bi Grice, wewe mwenyewe huingia mara ngapi?"

Clive, mstari wa mbele, akatazama viatu vyake. Mavis akaona mashimo mawili mbele yake: aseme uongo, jambo asilolijua, au aseme kweli na aizike baa kwa mdomo wake mwenyewe.

"Sijaingia miaka kumi na tisa, bibi mwenyekiti."

Bwana Lyle akaandika, akipiga mstari chini.

"Kwa sababu gani?" akauliza mwenyekiti.

"Tumbo la ng'ombe."

Watu wakacheka mpaka mjumbe mmoja akapaliwa na chai. Mavis akawaacha wamalize. Angekuwa wao, naye angecheka.

"Sasa unaipigania ya nini?"

"Si ndiko ninakokunywa kila siku!"

"Bila kuingia?"

"Dirishani, uani. Nilianza peke yangu, mjinga mmoja na glasi yake. Wakaja wakulima wenye matope, ambao Clive anawafukuza kwenye zulia lake. Wakaja wenye mbwa. Wakaja na walionuniana na walio ndani. Siku hizi nafika nakuta foleni, na mimi ndiye niliyeanzisha dirisha!"

Mwenyekiti akamgeukia Bwana Lyle. "Mtu wenu alilihesabu dirisha?"

Bwana Lyle akapekua karatasi, akapekua tena. "Alikuwa kwenye gari, upande wa barabara."

"Uani hakufika?"

"Kulikuwa na matope, bibi mwenyekiti."

Wajumbe saba wakakataa ombi la kampuni, wanne wakaliunga mkono.

Kijiji kizima kikamsindikiza Mavis mpaka mlangoni pa Bata Watatu. Akasimama kizingitini, kichwa kigumu kama alivyozaliwa. Clive akakuna kisogo.

"Haya, Mavis. Tumbo ni moja."

"Lenye?"

"Lenye vyumba vinne. Ingia basi, mvua inakuja!"

Akaingia. Kwanza akajikwaa, maana ngazi ilikwisha hamishwa. Akaenda msalani, akajikuta stoo ya mapipa. Mahali pa kiti chake palikuwa na mashine ya kahawa, na joto lilimpanda usoni kama homa. Miaka yote hiyo aliwaonea wivu watu waliokuwa humu wakitoka jasho.

Dakika kumi hazikutimia. Clive akasikia dirisha la uani likigongwa.

"Mavis! Si nimekiri?"

"Umekiri. Nipe glasi yangu, na useme na huyu mwenye mbwa, amekalia benchi langu."