Mshahara Uliotangazwa Hewani

Watu wakiniuliza niliingiaje katika kazi ya mitambo, mimi mke wa mwalimu, mjukuu wa wakulima wa Kabongo, huwajibu kwamba mimi niliingia kwa mlango, aliyetoka kwa dirisha ni mkwe wangu. Hucheka, wakidhani nafanya mzaha. Alitoka kwa dirisha kweli. Ukosi wa abakosti yake, koti la heshima la siku zile, ulinasa kwenye komeo, naye akahangaika pale huku mimi nimeketi kimya, nimejifunika uso kwa kitenge.

Ilikuwa miaka ya Zaire, na Kamina ilikuwa inaongea kwa phonie. Simu ya posta ilikuwa pambo. Ukitaka kujua kama samaki wako wameondoka Kinkondja, au kama shangazi yako wa Kabongo bado anapumua, ulikwenda kwenye kituo cha redio, ukalipia ujumbe wako, na operateri akabonyeza kitufe akausema. Akiachia kitufe, husikiliza jibu. Hapakuwa na siri: kila kituo kilichowasha chombo chake kilisikia kila kitu. Mtu akitangaza kwamba binti yake ameposwa, Bukama walishangilia kabla baba wa bwana harusi hajajua.

Kazi hiyo niliijua. Nilikuwa karani wa shule ya misheni, na mama mzungu aliyeshika phonie alipokwenda kwao akaniachia chombo na kiti chake. Nilikikalia miaka mingi, hadi chombo kilipokufa kwa kukosa vipuri. Kisha nikakaa nyumbani, na mshahara wa mume wangu, wa serikali, ulikuwa ukija kama mvua ya mwezi wa saba. Kamina mwezi huo hainyeshi.

Ndipo operateri wa kampuni moja ya phonie pale mjini alipohamia Kolwezi, na nafasi yake ikatangazwa ukutani. Kampuni hiyo ilikuwa na vituo Kabongo, Bukama, Kinkondja, na karakana kule base, kwenye kambi ya askari. Nilioga, nikavaa kitenge changu cha Pasaka, nikaenda.

Mkuu wa kituo alikuwa mtoto wa askari, mtu wa mbali, aliyekuja na familia za kambini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na haraka yake ilikuwa inamfanya asikie nusu ya kila jambo.

"Citoyenne, weye unajua phonie?"

"Najua. Kule misheni njo ilikuwa kazi yangu."

"Na bwana yako amekubali?"

Zamani hizo mke hakuajiriwa bila ruhusa ya mumewe. Nikamwekea karatasi mezani. Mume wangu alikuwa amekubali kwa ufasaha mwingi kuliko alivyowahi kunichumbia.

"Bon. Utafanya examen. Technicien wa base njo atakuuliza."

Fundi wa base alikuwa mmoja tu, na alikuwa amemwoa binti yangu wa kwanza.

"Chef, ule technicien iko mukwe yangu."

Akacheka, akanyoosha kidole. "Aa, mama! Hapa hakuna mambo ya famille. Hata kama iko mukwe, atakuuliza sawa na bengine!"

Aliona najipendekeza! Kwao, inaonekana, mkwe ni mlango wa nyuma. Kwetu ni ukuta. Tangu siku tulipopokea mahari, kijana yule hakuwahi kuniangalia usoni wala mimi kumwangalia. Akiniona njiani, huingia majanini. Kanisani alikaa nyuma ya nguzo. Salamu zake zilinifikia kupitia kwa binti yangu, na zangu zilirudi kwa njia hiyo hiyo. Si chuki. Ni heshima, nzito kuliko heshima yoyote ninayoijua. Katika ukoo wetu kuna mbuzi anayetolewa siku yake ikifika ili nyuso zifunguliwe, lakini siku yetu ilikuwa haijafika. Nilijaribu kumweleza mkuu, naye alikuwa ameshamwita mtu mwingine.

Siku ya mtihani nikawekwa kwenye chumba cha chombo, kidogo kama jiko. Nilijua ni nani atakayeingia, nikajiambia mkuu lazima amemweleza, watakuwa wamepanga kitu. Hawakuwa wamepanga kitu. Nikasikia viatu, nikajifunika. Mlango ukafunguliwa, ukafungwa nyuma yake, mkuu akiwa ameuegemea kwa nje ili tusisumbuliwe. Nikasikia "Eeh!" moja, sauti ya mtu aliyekanyaga kaa la moto. Kilichofuata kilikuwa dirisha.

Mkuu aliingia akakuta mtahini hayupo na mtahiniwa yupo chini ya kitenge.

"Weye umemufanya nini?"

"Sikumufanya kitu. Anifanye nini na minyi nimufanye nini? Iko mukwe yangu!"

"Technicien ameona weye tu, amekimbia! Bon. Umeanguka. Ya kwisha."

Nje, wauza samaki waliokuwa kwenye foleni walicheka hadi wakashikana mabega. Nilipita katikati yao kichwa juu. Nilikuwa nimekasirika hivi kwamba nilifika nyumbani bila kukumbuka njia.

Jioni ile dada yangu mkubwa alikuja, na baada yake mchungaji wetu. Kila mmoja alikuja na nusu ya ushauri.

Dada yangu akasema niachane na kazi. "Ukiingia pale, mukwe yako njo atakuwa chef yako ya mitambo. Atakukaripia? Mutoto yako atakaa namna gani kwa bwana yake?"

Mchungaji akasema niachane na desturi. "Mama, ile mambo ya bankambo, bazee ba zamani, imepita. Kaa mbele yake, ujibu maswali, upate mukate. Mwenye njaa haina na miiko."

Mume wangu, ambaye alikuwa akisahihisha madaftari, akaongeza bila kuinua kichwa kwamba mshika mbili, moja humponyoka.

Nikawaka. Niliwaambia wote watatu kwamba nina mikono miwili, na Mungu hakunipa huo wa pili wa kukunia mgongo. Njaa ninayo na miiko ninayo. Desturi ile mama yangu aliishika, na nilimwozesha binti yangu chini yake. Sitaivua kama kiatu mlangoni kwa mtu. Na kazi ile naijua, na haki yangu nayo siiachi. Dada yangu akashika shavu. Mchungaji akaomba sala fupi sana.

Asubuhi nikarudi kituoni. Foleni ilifika barabarani, kwa sababu mkuu mwenyewe ndiye aliyekuwa anashika phonie, na haraka yake ilikuwa inawaua watu. Alikuwa ameshamtangazia mwanamke mmoja, pale dirishani, kifo cha mtu aliyekuwa hai. Nikamngoja apumue.

"Chef, phonie iko na macho?"

"Macho gani?"

"Iko inaona muntu?"

"Hapana. Inasikia tu."

"Basi kwa nini unataka niangalie technicien mu uso? Ile kazi hakuna muntu anaifanya uso kwa uso. Yeye akae kule base. Minyi nikae hapa. Aniulize mu phonie."

Akanitazama, akaitazama foleni. Mwanamke wa kifo cha uongo alikuwa bado anamtukana nje, kwa Kiluba, lugha ambayo kwa bahati yake hakuielewa. Akakubali. Lakini mtu huyu alikuwa hajamaliza. Akashusha sauti.

"Ila ujue, mama. Hata ukifaulu, tutakuandika manevri. Muwanamuke, bwana yako iko na mushahara yake. Operateri njo cheo ya banaume."

Manevri ni kibarua: mfagiaji, mbeba mizigo. Ningefanya kazi ya operateri na kulipwa ya ufagio. Neno lile sikulimeza wala sikulitema. Nililiweka shavuni, nikasema, "Tufanye examen kwanza."

Mkuu akavitangazia vituo vyote viache masafa wazi kwa ajili ya mtihani. Viliacha wazi. Hakuna hata kimoja kilichozima. Nani angezima?

Nikakaa kwenye kiti. Base ikaita. Na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikavuta kitenge usoni, kwa sababu nilikuwa sijawahi kusikia sauti ya kijana yule ikielekezwa kwangu. Wala siku hiyo haikuelekezwa kwangu. Alisema hivi:

"Kabongo, Kabongo, huyu ni Base. Nakuomba ufanye relai. Umuulize operateri wa Kamina: mvua ikianza kunguruma, anafanya nini?"

Kisha operateri wa Kabongo, mzee wa Kiluba aliyeelewa kila kitu bila kuelezwa, akasema taratibu: "Kamina, Base anakuuliza kupitia kwangu: mvua ikianza kunguruma, unafanya nini?"

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Kijana alikuwa amepata mtu wa kati! Relai ilikuwa kazi ya kila siku, kituo kimoja kubeba maneno ya vituo viwili visivyosikiana. Sisi tulisikiana kama watu wa chumba kimoja.

Mkuu akainama sikioni mwangu. "Base iko karibu hapa! Mawimbi iko mubaya?"

"Hapana, chef. Iko muzuri sana."

Nikabonyeza. "Kabongo, umwambie Base: natoa waya ya antena mu chombo, naifunga inje, nangoja mvua ipite. Hata kama bantu ba mu foleni banakasirika."

Tukaenda hivyo, swali likizunguka Kabongo na jibu likirudi Kabongo. Betri ikichoka. Vituo viwili vikiita pamoja. Akanisomea orodha ya mizigo huku akisugua kitu mbele ya kipaza sauti, kama ngurumo, nami nikairudisha neno kwa neno. Mwisho akauliza: ujumbe wa kifo na ujumbe wa samaki vikifika pamoja, kipi kwanza?

"Ya samaki kwanza," nikasema, "sababu inaoza. Ya kifo, namuita mwenyewe ndani, anakaa kwanza, mulango nafunga. Kifo hatusemi mu dirisha." Nikahisi mkuu akijikuna shingo nyuma yangu.

Base ikasema: "Kabongo, umwambie amefaulu."

Kabongo akaniambia nimefaulu. Mkuu akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Sikumpa. Hapo ndipo nilipokitoa nilichokuwa nimekiweka shavuni.

"Kabongo, kabla Base hajatoka, umuulize: muntu mwenye kufaulu ile examen, kampuni inamulipa mushahara ya nani? Ya operateri, ao ya manevri? À vous."

Nikaachia kitufe, maana à vous ni kumwambia mwenzako zamu yake. Mkuu alikuwa ameganda na mkono hewani. Nilijua ninamwomba kijana yule jambo gani. Mkuu alikuwa mkubwa wake pia. Neno moja lake lingemng'oa base na kumtupa sijui wapi, pamoja na binti yangu na watoto. Niliogopa, nasema wazi. Lakini niliuliza, na ningeuliza tena.

Kabongo akalipeleka swali. Hakuliharakisha, alilitamka kila neno kama anasoma Maandiko. Kisha kukawa na ule mvumo mtupu wa redio, mrefu mno.

"Kabongo, huyu ni Base. Umwambie Mama..." Akasita. Katika miaka yote ya ndoa ile, hilo ndilo neno la kwanza nililomsikia akiniita. "Umwambie Mama: mwenye kufaulu examen ya operateri iko operateri. Mushahara yake njo ya operateri. Hakuna ingine. À vous."

"Kamina," akasema mzee wa Kabongo, na nilisikia anatabasamu, "Base anasema mushahara yako njo ya operateri. Hakuna ingine."

Kwa sababu ya relai, Katanga nzima ilikuwa imelisikia mara mbili. Na bila mtu kuwaita, wakaanza kuitikia: "Bukama, tumesikia." "Kinkondja, tumesikia, pongezi Mama."

Mkuu akaketi juu ya sanduku la betri. "Umeniuzisha mu phonie," akasema.

"Minyi? Niliuliza tu swali."

Mkwe wangu hakuhamishwa. Mbuzi alikuja baadaye sana, na nyuso zilipofunguliwa nikashangaa kuona kijana mfupi kuliko sauti yake.

Lakini mwisho wa mwezi ule wa kwanza mkuu alijaribu tena. Aliniita mbele ya dawati, akanipa bahasha nyembamba, akaniambia nisaini kwa manevri mpaka wakubwa wa kampuni kule Lubumbashi waamue. Sikugombana naye. Niliiacha bahasha pale pale, nikarudi chumbani kwangu, nikakaa, nikashika kipaza sauti, nikaweka kidole kwenye kitufe.

"Vituo vyote, vituo vyote, huyu ni operateri wa Kamina..."

"Acha!" Alikuja mbio, kiti kikaanguka nyuma yake. "Acha kitufe, mama! Njoo usaini!"

Nikasaini panapostahili, kwenye mstari wa operateri. Nikaufunga mshahara wangu kwenye pindo la kitenge, nikarudi kwenye chombo. Nilikuwa nimewaita watu wote, na walikuwa wananingoja niseme kitu, kwa hiyo niliwatakia asubuhi njema na kumwuliza Kinkondja kama samaki wameshaondoka.