Kadi ya Anyes Iliyovishwa Nailoni

Jamani, Anyes! Mimi kazi yangu ilikuwa mizani tu kwenye kituo chetu cha kununulia kakao, Kyela. Yeye ndiye karani. Na mwanamke yule alikuwa na ugomvi na mvua, nakuambia. Karatasi yoyote ya maana ikimfikia, mbio studio ikapigwe laminesheni, ile nailoni ya moto: cheti cha kipaimara, kadi ya kliniki, hadi picha ya mumewe. Nikamuuliza mbona mume mwenyewe hajapelekwa. Akasema hatulii.

Biashara huria ikatuletea matajiri wa kakao, na tajiri wetu akatuletea kompyuta. Umekaa zako Kyela, unafungua kompyuta ya ofisi ya Dar es Salaam kwenye kioo chako, bila kupanda basi! Ila sharti uchomeke kadi yenye kibati cha rangi ya dhahabu, iseme wewe ni nani. Tajiri alisema wazi: Anyes asipotoa kibali cha lori la kwanza kwa mashine hiyo, analeta karani mwingine kutoka Mbeya. Anyes aliipenda kazi ile kuliko chakula. Aliogopa mpaka akakonda.

Siku ikafika. Fuso imejaa, dereva Sedekia anapiga honi, wingu linashuka kutoka milima ya Livingstone. Anyes akachomeka kadi. Kioo kikasema hakuna kadi. Akaisukuma zaidi. Hakuna kadi!

Tukampigia Hebroni, fundi wa Dar, mzaliwa wa Ipinda hapa hapa kwetu.

"Dada, zima, washa."

Tukazima, tukawasha.

"Angalia waya wa kisomeo cha kadi."

Umekazwa vizuri.

"Kwenye kidirisha cha kuunganisha, umeweka tiki kwenye kadi?"

Ipo. Hebroni akalaumu dishi la intaneti, akalaumu wingu. Mimi nikamlaumu yeye, tena kwa sauti. Sedekia akapiga honi nyingine. Nikatoka nikampa maneno ambayo mchungaji wangu asiyasikie. Niliporudi, Anyes machozi yanamlenga.

"Basi futa kile kibati cha dhahabu," Hebroni akasema. "Huenda kina vumbi."

"Vumbi litapita wapi, kaka? Si nimeipiga laminesheni!"

Simu ikaanza kukohoa, nikadhani kijana wa watu amepaliwa. Kumbe anacheka.

"Dada! Umeiziba mdomo halafu unataka iongee!"

"Ndiyo maana inabana!" nikapayuka.

Wembe! Anyes anakata huku anacheka, mimi nimemshika kiwiko, mbavu zinauma. Nailoni ikabanduka. Akaifuta kadi kwa khanga, akachomeka. Kioo kikaomba namba ya siri. Akaiandika, na Dar es Salaam nzima ikafunguka mezani kwetu! Tuliruka mpaka mizani ikacheza. Kibali kikatoka, Sedekia akaondoka, matone ya kwanza yakaangukia turubai.

"Ndaga fijo, kaka, ndaga fijo!" Anyes alikuwa bado anaishukuru simu iliyokwisha kukatika.

Baadaye likaja tangazo kutoka Dar kwa vituo vyote: ni marufuku kupiga kadi laminesheni. Chini, kwa mkono wa tajiri: karani wa Kyela abaki kazini.

Anyes akalisoma, akalikumbatia, akachukua mwavuli. Nikamuuliza anakwenda wapi na mvua ile.

"Studio," akasema.